Mkuyu wa Mama Rosaline Umepona

Ukitoka Kitale mjini ukielekea Kibomet, ukishapita ile posho mill ya kusagia mahindi, yenye kelele, utaona kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya samawati upande mmoja tu, kwa sababu rangi iliisha na mwenye kibanda akakataa kununua nyingine. Hapo Nyaruai, ambaye sote tunamwita Mama Rosaline, huuza kahawa ya tangawizi na mandazi. Mbele ya kibanda kuna benchi refu, na nyuma ya benchi, ndani ya mkebe mkubwa wa rangi hiyo hiyo iliyoisha, kuna mkuyu. Si ule mkuyu wa mtoni unaoangusha matunda watoto wakaokota. Huu ni wa kupamba, unamfika mtu mzima kifuani, majani madogo yanayong'aa, kijani katikati na nyeupe pembeni, mengine meupe karibu yote kana kwamba yamechovywa kwenye maziwa. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ulipoletwa, namaanisha. Mimi ni fundi wa baiskeli na gunia langu la spana liko kando ya kibanda, kwa hivyo kila upuuzi unaosemwa kwenye benchi lile huusikia, nitake nisitake. Upuuzi wa Jumatano moja, mwaka ule matatu zote zilipolazimishwa kuchorwa mstari wa manjano, sijausahau mpaka leo.

Kahawa ilikuwa imeshamiminwa. Mama Rosaline akatoka kibandani akapita nyuma ya benchi, akainama, akageuza tawi hili na lile. Kisha akasimama wima, mikono kiunoni.

— Nyinyi wazee, hebu geukeni. Mnaona hii mti yangu?

— Tunaiona, akasema Kibiwott bila kugeuka.

Huyu Kibiwott ni mkulima wa mahindi kutoka Saboti. Tunamwita Trekta, kwa sababu akianza kuongea hasimami mpaka afike mwisho wa shamba.

— Jani nyeupe iko wapi?

— Si ziko hapo?

— Ziko hapo wapi, Trekta? Nionyeshe moja. Moja tu! Jumapili nilihesabu nikaona zimebaki kidogo, nikasema ni macho yangu. Leo hakuna. Mti yote ni kijani kama mboga ya sukuma.

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona weupe ukipungua tangu mvua za Aprili, lakini hakuna aliyeniuliza, na fundi wa baiskeli akianza kusemea miti ya watu ataulizwa kama amemaliza breki.

— Na harusi ni Jumamosi, Mama Rosaline akasema, na sauti ikamkatika. Na Nyambu anakuja leo!

Hapo lazima nieleze, kwa sababu jambo hili halikuwa la mchezo kwake. Marehemu mama yao alikuwa na mikuyu miwili ya aina hii, akiitoa nje siku za harusi na kuiweka huku na huku mlangoni mwa kanisa. Nyaruai alipita katikati yake alipoolewa, na mdogo wake Nyambu pia. Mama alipokufa ile miwili ikakosa wa kuimwagilia maji, ikakauka, lakini Nyambu, aliyeolewa Bungoma, alikuwa ameshakata vijiti akaotesha miwili mingine. Mmoja akabaki nao, wa pili akamletea dada yake na kumwambia mbele yetu sote: “Huu ukikushinda, usiniombe mwingine.” Rosaline naye, bibi arusi mwenyewe, mtoto wa watu, hakuomba gari la kifahari wala keki ya ghorofa. Aliomba apite katikati ya ile mikuyu myeupe kama mamake na mamake mdogo. Basi.

— Mama Losarine, usilie bana, akasema Wabwile. Kalibu nikueleze.

Wabwile ni mtu wa Kimilili, na r na l kwake hukopeshana nafasi siku nzima. Aliwahi kuuza mbegu kwa muda mfupi kwenye duka fulani la wakulima, na tangu hapo jina lake ni Agrovet na yeye ni mtaalamu wa kila kitu kinachoota.

— Eleza, Agrovet.

— Hii mti yako haina shida. Hii mti imepona.

— Imepona nini?

— Imepona ugonjwa! Jani ya mti ni kijani. Hata mtoto wa shure ya nasali anajua. Nyeupe ni ugonjwa. Sasa hakuna nyeupe, kwa hivyo hakuna ugonjwa. Ungeshukulu Mungu, wewe unalia.

Mama Rosaline akamtazama kama anayetafuta pa kumpiga.

— Ni Mungu alimwambia mama yangu aweke mti mgonjwa mlangoni mwa kanisa?

— Mimi sisemi mama yako, mimi nasema sayansi.

— Agrovet, wachana na sayansi, akaingilia Trekta. Ile nyeupe haikuwa ugonjwa, ilikuwa chokaa. Mnakumbuka mkubwa alipokuja kufungua ile barabara? Si miti yote kando ya lami ilipakwa chokaa mpaka kiunoni? Mvua ikanyesha wiki moja, miti ikarudi vile ilikuwa. Mlimani mvua imekuwa ikishuka kila jioni. Imeosha.

— Chokaa ndani ya jani, Trekta?

— Inaingia! Wewe ukipaka ukuta chokaa, si inaingia ndani ya ukuta?

— Haiingii.

— Kwako haiingii kwa sababu nyumba yako ni ya matope.

Mzee Hiram akakohoa. Hiram ndiye mkubwa wao kwa umri, alikuwa askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, mpaka akastaafu, na kwa vile hakuwahi kupandishwa cheo hata kimoja, benchi lilimpa cheo lenyewe: Kamishna. Hakuna jua wala mvua iliyowahi kumvua koti lake refu la kazi. Hukaa mwisho wa benchi, upande wa mkebe, na koti lile hufagia chini.

— Vijana, akasema, mnaongea mambo ya mvua na mtu yuko kwa shida. Fikirieni. Hii mwaka serikali imesema kila matatu iwe na mstari. Kenya nzima! Unajua ni matatu ngapi? Rangi imetoka wapi?

— Dukani.

— Duka limetoa wapi? Rangi ya nchi ni moja, bana. Ikienda kwa matatu, inatoka mahali. Mimi tangu hii sheria ianze sijaona kipepeo ya maana.

— Kamishna! Mama Rosaline akapiga mabati ya kibanda kwa kofi. Mimi nataka usaidizi, nyinyi mnanipatia kipepeo!

Akaingia ndani kuangalia mandazi yasiungue. Mtu akidhani wangenyamaza kwa heshima, hawajui. Mwenye shida alipoondoka ndipo shida yenyewe ilipata kujadiliwa vizuri.

— Si chokaa peke yake, Trekta akaendelea, sasa kwa sauti ya siri. Mimi nilipeleka mahindi Lwakhakha, ile mwaka magunia yalikuwa mengi. Pale mtoni, mpakani kabisa, kuna mti kama huu, mkubwa. Matawi ya upande wa Uganda ni meupe. Ya upande wa Kenya, kijani.

— Uliona wewe na macho yako?

— Na macho yangu. Kwa hivyo huu mti ni wa Uganda. Ulikuja mweupe, umekaa hapa Kibomet, umekula mchanga yetu, umezoea. Sasa umekuwa raia.

— Umepata kitamburisho, akasema Agrovet, na walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Chekeni, akasema Kamishna. Mimi natoka Nyeri, na mkuyu kwetu ni mugumo. Mugumo hauchezewi. Wazee walikuwa wanasema mtu akiuzunguka mara saba, akiwa mwanamume anakuwa mwanamke, akiwa mwanamke anakuwa mwanamume. Sasa huu ulikuwa mweupe, mti wa bibi arusi, wa kike kabisa. Angalieni sasa umekuwa namna gani. Umekuwa dume! Kuna mtu ameuzunguka.

Nikahisi macho yao yakigeuka upande wangu kabla hata sijainua kichwa.

— Fundi, akasema Trekta polepole. Wewe ukimaliza kutengeneza baiskeli, unaijaribu wapi?

— Nazunguka kibanda, nikasema.

— Mara ngapi?

— Mpaka niridhike na breki.

— Na mti si uko mbele ya kibanda?

— Mti uko mbele ya kibanda, Trekta, na wewe uko mbele ya mti, na kama kuzungukwa kunageuza mtu ungekuwa ushaolewa kitambo.

Nikarudi kwenye cheni yangu. Sikuwa na hofu. Ule mti sikuwahi kuugusa hata kwa kidole. Siku ulipoletwa Mama Rosaline aliniangalia mikono, akaona grisi, akaniambia nikiusogelea atanimwagia kahawa ya moto. Nilitii.

Pengine yangeishia hapo, kila mtu na nadharia yake. Lakini Agrovet hawezi kukaa bila kusifiwa. Akaegemea, akakunja mguu.

— Hata hivyo, tuseme ukweli, hii mti imepona na hakuna mtu ananipatia asante.

— Asante ya nini?

— Ni mimi nimeitibu.

— Umeitibu na nini?

— Na mikono! Mahindi ikipata ule ugonjwa wa mistali, wewe Trekta unafanya nini? Unangoja ienee shamba yote?

— Nang'oa. Nachoma. Hata jirani akiwa nayo, naruka ua nang'oa yake.

— Eeh. Sasa mimi nilipoona hii mti iko na mistali nyeupe, nikasema huyu mama ni mjane, hajui. Kila siku nikija, natoa jani moja, mbili, zile mbaya. Pole pole. Sikusema, kwa sababu mtu mwema hajitangazi.

Trekta akaweka kikombe chini.

— Wewe?

— Mimi.

— Wacha uongo, Agrovet. Ni mimi! Mimi ndiye nimekuwa nikitoa! Jioni, nikingoja gari ya Saboti. Natoa zile nyeupe kabisa, naweka kwa kofia, nikifika nyumbani nachoma kwa jiko ndio ugonjwa usishike mahindi yangu. Uliza bibi yangu Chepkosgei!

— Si ulisema ni chokaa? Jioni ulikuwa unatoa mabaki yangu.

— Mabaki gani? Mimi nilikata mpaka matawi, yale ya juu. Na kisu. Yakatoa maziwa hivi.

— Ndio maana nilikuwa nashangaa, Kamishna akasema, na nikaona amekasirika kweli. Nikija alfajiri kabla hajafungua, napata kazi imeshafanywa nusu. Nikadhani ni ndege.

— Na wewe, Kamishna? Si ulisema mugumo hauchezewi?

— Kuchezea ni kukata. Mimi sikukata, nilikuwa nachuma. Kwa heshima. Na ile ya kijani iliyokuwa inachipuka kwa nguvu, niliifungia kijiti isivunjike. Kama kuna mtu amesaidia huyu mama ni mimi.

Wakaanza kugombania mti ule kama watu wanaogombania mgonjwa aliyepona. Kila mmoja alitaka awe ndiye aliyechuma zaidi. Agrovet akadai pia alikuwa akiutilia mbolea ya kupandia mahindi, konzi moja moja, ndiyo iliyosukuma yale majani ya kijani. Trekta akasema kisu chake ndicho kilichomaliza kazi. Hakuna aliyeona kwamba mlango wa kibanda ulikuwa wazi na Mama Rosaline amesimama na birika mkononi.

Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Lakini alisikia ya kutosha, nilimwona usoni.

— Ni nyinyi? akauliza.

Wakageuka wote.

— Mama Losarine, tulikuwa tunasema vire...

— Ni nyinyi, nyote watatu. Mnakunywa kahawa yangu, mnaniuliza habari ya harusi, mnaniambia mtakuja na familia. Na mkono mwingine uko nyuma unanichumia mti!

— Ulikuwa mgonjwa, akasema Trekta, lakini safari hii akasimama katikati ya shamba.

— Mimi nilikuwa nalala nikifikiria nimekosa wapi. Nikabadilisha maji. Nikautoa kivulini nikauweka juani, nikaurudisha. Nikaomba, ati Mungu, hata kama ni mimi sina mkono wa kulea kitu, niachie huu mpaka Jumamosi. Na ilikuwa nyinyi!

Hakulia. Afadhali angelia, kwa sababu mimi mwenyewe, ambaye sikuwa na hatia, nilishindwa kuinua macho. Niliwachukia wale wazee watatu asubuhi ile, na nilimhurumia yule mama.

Hapo ndipo boda boda moja ilisimama, ya baiskeli. Kijana anakanyaga huku jasho linamtoka, na nyuma yake ameketi Nyambu, amekumbatia mkebe uliofungwa leso. Ametoka Bungoma na gari la kwanza, akachukua baiskeli stendi. Akashuka, akaweka mkebe chini, akafungua leso.

Tulikuwa tumesahau. Mti ulikuwa mweupe na kijani, kila jani na ukingo wake, jua la asubuhi likapiga pale na hata mimi nikaacha cheni. Ndivyo wa kwetu ulivyokuwa ulipoletwa.

— Mko aje hapa? Nyambu akasalimia, uso wote unacheka. Nyaruai, wako uko wapi niweke pamoja tuone?

Mama Rosaline akaonyesha kwa birika.

Nyambu akautazama ule wa kijani. Akautazama tena. Cheko likamtoka usoni kidogo kidogo.

— Umekuwa hivi?

— Auntie, akasema Agrovet akijikaza, ulikuwa mgonjwa. Sisi tukautibu.

— Mgonjwa wa nini?

— Ulikuwa na majani meupe.

Nyambu akageuka akauangalia mti wake mwenyewe, kisha akawaangalia wao, mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

— Kwani mimi nilimletea dada yangu mti mgonjwa?

Kule posho mill mkanda ulikuwa unapiga kelele.

— Nauliza, kwa sababu mimi wangu kila ukitoa tawi la kijani tupu ndilo nalikata. Ukiliacha linakua haraka linameza mengine. Mama alitufundisha hivyo. Nyinyi mlikuwa mnakata yapi?

Trekta akatazama kofia yake. Kamishna akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefungwa tayari. Agrovet, mtaalamu wa kila kinachoota, akanywa kahawa kutoka kikombe ambacho nilikiona kabisa ni kitupu.

— Inukeni, akasema Nyambu.

Wakainuka. Akashika benchi upande mmoja, Mama Rosaline akashika wa pili, wakalipindua wapate nafasi ya kuutazama mti vizuri. Chini ya ubao kulikuwa na madoa ya utomvu uliokauka, mahali pengi, pale kila mmoja wao alipokuwa akipangusia vidole. Mahali pa Agrovet, pa Trekta, pa Kamishna. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena.

Nyambu akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake za safari. Akapitisha mkono chini kabisa, pale mkebe ulipokuwa umekaribiana na benchi, mahali koti la Kamishna lilipokuwa likifunika kila siku.

— Nyaruai, kuja uone.

Kilikuwa kitawi kimoja, urefu wa kidole, kimetoka shinani. Majani yake yalikuwa madogo na meupe pembeni.

— Na hiki, akawauliza wazee, mbona mlikiacha?

Walikuwa wamekikalia.

Mama Rosaline naye akapiga magoti. Sasa ndipo alipolia, na dada yake akamshika bega.

— Haukukushinda, Nyambu akamwambia. Sikia. Ungekuwa umekushinda ungekauka. Tukikata hii kijani pole pole, hiki kitapanda.

— Kabla ya Jumamosi?

— Jumamosi hapana.

Mama Rosaline akajifuta uso kwa aproni, akainuka.

— Basi utaenda hivyo hivyo. Wako upande huu, wangu upande ule. Rosaline akiniuliza kwa nini mmoja ni mweupe na mwingine ni kijani, nitamwonyesha hawa watatu mahali wamekaa kanisani.

Halafu akalichukua lile benchi, akalisimamisha kwa ubavu mbele ya mkebe kama ua, akalishindilia mawe ya jikoni pande zote. Kamishna alitaka kumsaidia na jiwe moja. Akaangaliwa, akaliweka chini.

— Mama Rosaline, akasema Kamishna, sasa sisi tutakaa wapi?

Mama Rosaline akageuza birika. Likatoa tone moja na machicha ya tangawizi. Akaingia ndani na dada yake, na tukasikia wanazungumza Kikuyu na mmoja wao akicheka kidogo.

Wale watatu wakabaki wamesimama juani na vikombe vitupu, wakitazama huku na huku. Nikaona Trekta ameanza kulipima gunia langu kwa macho, kama kiti. Nikavuta gunia langu la spana karibu, nikaliweka katikati ya miguu yangu.